Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wahudumu wenzangu wa majumbani hapa Minnesota,

Mwaka huu baadhi yenu mliniuliza kwa nini tulisoma kesi za mahakamani badala ya kurudia mafunzo ya kumwinua mgonjwa. Ni kwa sababu kazi yetu, kwa sehemu kubwa, ilipiganiwa mahakamani.

Lois Curtis na Elaine Wilson walikuwa wamelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Georgia. Madaktari walikubali kwamba wanaweza kuishi uraiani, lakini wakaendelea kukaa wodini. Walishtaki. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka kwamba kumweka mtu hospitalini bila ulazima ni ubaguzi chini ya sheria ya walemavu ya 1990. Hapa kwetu, familia zilishtaki mwaka 2009 kwa sababu jamaa zao walitiwa pingu katika kituo cha serikali cha watu wenye ulemavu mjini Cambridge. Mapatano ya 2011 yakailazimu serikali ya jimbo kuandika mpango wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kuishi katika jamii kama majirani wengine.

Kanuni za shirikisho za 2014 zikaongeza kwamba mkazi wa nyumba za huduma awe na ufunguo wa chumba chake na ale saa anayotaka. Mwanachama mmoja alitusimulia jinsi mzee anayemhudumia alivyoamka saa nane usiku akitaka mayai. Hakumrudisha kitandani. Alisimama kando ya jiko, mkono karibu na swichi, mzee akakaanga mwenyewe. Nilijivunia sana.

Haki yetu ya malipo ya saa za ziada nayo ina kesi yake. Kanuni ya shirikisho ya 2013, iliyotupa haki hiyo, ilipingwa na waajiri, na Agosti 2015 mahakama ya rufaa mjini Washington ikaitetea. Julai mwaka huu Idara ya Kazi ilipendekeza kuifuta. Kamati yenu ilipeleka maoni ya kupinga, na sioni aibu kusema niliyaandika kwa uchungu.

Mwenzetu mwingine alikuwa halipwi muda wa kwenda kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine. Alikuwa ameandika kila safari kwenye daftari dogo, saa ya kuondoka na ya kufika. Mwajiri alipoliona daftari, alilipa.

Hesabu za mfuko atazisoma mweka hazina. Kikao cha Januari, kila mmoja aje na hati zake za malipo za miezi mitatu. Tutazikagua pamoja, mstari kwa mstari.

Mwenyekiti