Jangwa dogo la Osoyoos

Osoyoos, British Columbia, Kanada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini wewe, Mama na wadogo zangu hamjambo. Katika barua yako iliyopita uliuliza inawezekanaje nchi ya theluji kama hii kuwa na jangwa.

Bonde la Okanagan limekingwa na milima ya Pwani na ya Cascade, ambayo huupokonya upepo wa Bahari ya Pasifiki unyevu wake kabla haujavuka. Kwa hiyo Osoyoos, mji uliopo mpakani na Marekani, hupata mvua na theluji ya milimita 300 na ushee tu kwa mwaka, na kiangazi joto huweza kupita nyuzi 35. Kwa kipimo hicho ni nusujangwa, lakini baadhi ya viumbe waliomo huwaoni mahali pengine popote Kanada.

Mmea unaotawala ni kichaka cha Purshia tridentata, chenye vijani vya ncha tatu na maua ya manjano. Mbegu zake hufukiwa ardhini na panya kama akiba, na zile zisizofukuliwa huota, ndiyo maana mara nyingi utakuta miche kadhaa imebanana penye tundu moja. Ukiinama katikati ya vichaka utaona mchanga umefunikwa na gamba jembamba jeusi, lenye vijinundu, lililofumwa na bakteria na mimea midogo mno. Gamba hilo hushikilia mchanga usipeperuke na huiongezea ardhi naitrojeni, nalo likivunjwa na kiatu huchukua miaka mingi kupona. Katika kituo cha Osoyoos Desert Centre wageni hupitishwa juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, na sioni kama ni ukali kupita kiasi.

Kichaka hicho ndicho chakula pekee, kwa hapa Kanada, cha viwavi wa kipepeo mdogo wa kahawia, Satyrium behrii, ambaye yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Haruki mbali, na hupendelea vichaka vizee. Bahati mbaya ni kwamba mchanga wenye joto anaouhitaji ndio unaopendwa na wakulima: baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya jimbo ilichimba mfereji wa umwagiliaji ili askari waliorudi wapate mashamba ya matunda, na baadaye ikaja mizabibu. Pamoja na hayo, nyasi vamizi za Bromus tectorum hukauka mapema na kueneza moto, ambao kichaka hiki hakiuhimili vyema.

Ndiyo maana siridhiki na wazo la kuhifadhi viwanja vidogo vilivyotawanyika, kwa kuwa kipepeo huyo hawezi kuvuka shamba kubwa la mizabibu kufika upande wa pili. Mwaka 2019 serikali ya Kanada, serikali ya jimbo na taifa la Syilx, wenyeji wa asili wa bonde hili, walitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja kuelekea kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa. Baadhi ya wafugaji wanaipinga wakihofia malisho yao, na hofu yao inastahili kusikilizwa, ila ramani inapaswa kuyaunganisha mabaki ya vichaka hivyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao akupendaye