Nimelipia cheti, mbona Negomano wamenitoza tena?

Swali hili haliishi. Sisi mawakala wa mizigo hapa Mtwara linatujia kwa simu, linatujia kwa WhatsApp, na safari hii limeandikwa kabisa kwenye kundi la wafanyabiashara wa mpakani: cheti cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), kile cha kuonyesha bidhaa ni ya nchi gani, ni karatasi ya kulia hela za watu. Aliyeandika alivusha sabuni Mtambaswala kwenda Negomano, upande wa Msumbiji, despachante wake, yaani wakala wa forodha wa kule, akamtumia hesabu ya kulipa, naye akaona wakala wa Mtwara kamla mara ya kwanza na forodha ya Msumbiji imemla mara ya pili. Hatumlaumu kwa kukasirika. Tunamlaumu aliyemuuzia cheti bila kumwambia kinafanya kazi gani.

Cheti hicho, yaani cheti cha uasili wa bidhaa, kinaondoa kitu kimoja: ushuru wa forodha. Hakigusi IVA, yaani VAT ya Msumbiji, ambayo tangu Januari 2023 ni 16% (kabla ya hapo ilikuwa 17%). Hakigusi pia tozo za huduma za forodha na za mfumo wao wa kielektroniki, wala malipo ya despachante.

Tupige hesabu. Mzigo una thamani ya dola 10,000, nauli na bima zikiwemo. Kiwango cha juu cha ushuru Msumbiji ni 20%, na tuseme bidhaa yako imo humo. Bila cheti unalipa ushuru dola 2,000. Halafu IVA haikatwi kwenye 10,000, inakatwa kwenye 12,000, kwa hiyo ni dola 1,920. Jumla 3,920. Ukiwa na cheti kilichokubaliwa, ushuru ni sifuri na IVA ni 1,600. Umeokoa dola 2,320. Huyo aliyeletewa hesabu ya IVA hakutozwa "tena", ametozwa kile ambacho hakuna cheti duniani kingekifuta. Na kama mpokeaji wake amesajiliwa kwa IVA upande ule, anairudisha kwenye mauzo yake. Kama hajasajiliwa, hiyo ni gharama, na ilitakiwa iingie kwenye bei kabla lori halijatoka Mtwara.

Kwa nini SADC na si kingine? Hapa ndipo wanapopotea wengi, hasa waliozoea Namanga na Sirari. Kule kuna cheti chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000, unajaziwa palepale mpakani na unavuka. Wanakuja Mtambaswala wakitaka hichohicho. Ndugu zetu, Msumbiji haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wapo pia wanaoulizia fomu ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa sababu jamaa yao wa Nairobi anaitumia kupeleka mzigo Malawi. Tanzania ilikuwa COMESA ilipoanzishwa 1994, ikajitoa mwaka 2000. Wakati ule hoja zilizosikika sana zilikuwa mapato ya forodha na viwanda vya ndani kukutana na ushindani bila ngao. Msumbiji ilikuwa imeshatangulia kutoka, 1997. Kwa hiyo fomu ya COMESA hapa Mtwara haina kazi, si kwako wala kwa unayempelekea mzigo. Tulipotoka huko tuliegemea pande mbili: Afrika Mashariki, ambayo umoja wake wa forodha ulianza 2005, na SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilizinduliwa 2008. Sisi na Msumbiji tunakutana kwenye SADC. Daraja la Umoja lilipofunguliwa 2010, mita 720 juu ya Ruvuma, karatasi ya kulivukia ilikuwa tayari inajulikana.

Sasa njia ya mkato inayotuumiza kichwa kuliko zote.

Sabuni ya mche kutoka kiwanda cha Kenya inaingia Tanzania bila ushuru kwa sababu ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara anainunua Dar kwa jumla, anaileta Mtwara, anataka cheti cha SADC aipeleke Mueda, Msumbiji. Haiwezekani. Kenya haimo SADC. Kuingia Tanzania bure hakuifanyi sabuni kuwa ya Tanzania, wala kulipiwa Tanzania, wala kulala miezi sita kwenye ghala la Chikongola. Anachofanya mjanja ni kutafuta katoni mpya, kuhamisha mzigo usiku, na kubandika karatasi ya "Imetengenezwa Tanzania". Pale Negomano ofisa anapasua katoni moja tu. Ndani, kila mche una karatasi yake, na msimbo wa mistari kwenye karatasi hiyo unaanza na 616. Namba zinazoanzia hivyo zinatolewa Kenya, za Tanzania zinaanza na 620. Msimbo peke yake si ushahidi wa mahali bidhaa ilipotengenezwa, maana unaonyesha tu kampuni imesajiliwa wapi, lakini unatosha kumfanya ofisa apasue katoni ya pili, na ya tatu. Hapo mambo si ya ushuru tena, ni ya tamko la uongo.

Mchele nao ni hivyohivyo. Mchele wa Pakistani ukiwekwa kwenye gunia lililoandikwa Kyela unabaki wa Pakistani. Kanuni za SADC zinasema wazi kwamba kufungasha, kubandika lebo, kuchambua na kuchanganya kwa kawaida havibadilishi uasili. Kinachokubalika ni bidhaa iliyozalishwa yote hapa, kama vitunguu vilivyochimbwa shambani na mbaazi zilizovunwa Nachingwea, au bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi ya nje lakini ikasindikwa kwa kiwango kinachotakiwa kwa bidhaa hiyo. Kiwango hicho kinatofautiana bidhaa kwa bidhaa, ndiyo maana tunaomba tamko la mzalishaji kutoka kiwandani. Risiti ya duka la jumla haituambii sabuni imepikwa wapi. Sukari usiilinganishe na kitu kingine chochote, ina utaratibu wake ndani ya SADC. Uliza kwanza.

Kosa la pili kwa wingi halina ujanja ndani yake, ni uzembe wa karatasi. Cheti, ankara, orodha ya ufungashaji na TANSAD, yaani tamko la forodha la Tanzania, lazima zisome kitu kimoja. Mfano: ankara inasema katoni 560, cheti katoni 600 kwa sababu kiliombwa kabla ya mteja kupunguza mzigo ili lori lisizidi uzito kwenye mizani. Au jina la mpokeaji kwenye cheti ni "Duka la Bwana Fulani, Mueda" wakati NUIT yake, namba ya mlipa kodi ya kule, imesajiliwa kwa jina la kampuni. Mfumo wao unasoma NUIT, hautambui jina la mtaani. Au namba ya ankara imebadilika baada ya kurekebisha bei, na cheti bado kina namba ya zamani. Kila moja ya hizi inatosha kumfanya ofisa wa Negomano aweke cheti pembeni na kukuambia lipa ushuru wote kama dhamana, tutaandika Tanzania kuuliza. Haki hiyo anayo. Barua inakwenda kwa aliyetoa cheti, jibu linarudi, na wewe umeshalipa. Wapo wanaofuatilia mpaka wakarudishiwa. Wengi wanachoka.

Halafu kuna namba ya ushuru ya bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile dunia nzima, kwa hiyo hapa hakuna kisingizio cha lugha. Korosho ghafi yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Ukiikaanga na kuitia chumvi inahama kabisa sura, inakwenda 2008.19, na kanuni ya uasili inabadilika nayo. Wabanguaji wadogo wa Newala na Tandahimba wanaofungasha korosho za kukaanga wanatuletea namba ya 0801.32 kila mara, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye karatasi zao za zamani.

Utaratibu wenyewe, kwa anayeanza. Unahitaji TIN, leseni ya biashara, na usajili wa msafirishaji nje kwenye mfumo wa TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ambao ndio watoaji wa cheti cha SADC. Unaleta ankara ya mwisho, na tunasema ya mwisho makusudi. Unaleta tamko la mzalishaji, au kwa mazao, karatasi inayoonyesha yalikonunuliwa. Mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na despachante wako awe ameulizia kibali cha kuingiza upande wake kabla hujapakia. Sisi tunakwenda ghalani kuangalia mzigo kwa macho, tunahesabu, tunapiga picha lebo na karatasi za ndani. Baada ya hapo ndipo ombi la cheti linakwenda, sambamba na TANSAD. Cheti halisi kinasafiri na dereva ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, nakala inakwenda kwa despachante siku hiyohiyo aanze kufungua upande wake. Ikitokea mzigo umeondoka bila cheti, kinaweza kutolewa baadaye, ila kitaandikwa juu yake kwamba kimetolewa baada ya mzigo kuondoka, na utatakiwa ueleze kwa nini. Usikifanye kuwa mazoea.

Wa Comoro tunawaomba subira kidogo. Mizigo mingi ya Moroni na Mutsamudu inatoka bandari yetu, na kila mtu anataka cheti cha SADC kwa sababu amesikia Comoro ni SADC. Ni kweli ilikubaliwa 2017. Lakini kuwa mwanachama wa SADC ni jambo moja, kuingia kwenye eneo lake huru la biashara ni jambo lingine, na Comoro ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobaki nje ya eneo hilo hata baada ya kujiunga. Hapohapo ni mwanachama wa COMESA, ambako sisi tulishatoka. Kwa hiyo kabla hatujachukua hela yako, tunataka wakala wa forodha wa mpokeaji wako akuandikie kule cheti gani kitapunguza nini. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Akisema hakipunguzi kitu, tutakuambia usilipie, na wapo tuliowaambia hivyo wakaenda kulipia kwingine.

Kwa wa ufuta na mbaazi wanaouza nje ya Afrika: China imefuta ushuru kwenye bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo kuanzia tarehe 1 Desemba 2024, Tanzania ikiwemo, lakini cheti ni cha mpango huo, si cha SADC. India ina mpango wake wa nchi maskini zaidi tangu 2008, na tangu Septemba 2020 forodha yao inamtaka mnunuzi awe na maelezo ya uzalishaji mkononi. Ndiyo maana mnunuzi wa Tuticorin anakuuliza maswali yanayofanana na ya polisi. Mjibu. Soko huru la Afrika nalo tumo, Bunge liliridhia 2021, ila kwa Msumbiji cheti cha SADC ndicho maofisa wa Negomano wamekizoea.

Turudi kwenye bei, maana ndiko malalamiko yalikoanzia. Tunatoza shilingi 120,000 kwa mzigo wa bidhaa moja, na 30,000 kwa kila bidhaa inayoongezeka, ada ya cheti yenyewe ikiwa juu yake na unapewa risiti yake. Vishoka wa stendi wanafanya kwa 40,000, tunajua. Kwa 40,000 hakuna anayekwenda ghalani, hakuna anayepasua katoni, na namba ya ushuru inanakiliwa kutoka kwenye cheti cha mteja mwingine. Tofauti ni shilingi 80,000. Iweke kando ya zile dola 2,320 za juu, halafu ongeza siku za lori kulala na posho ya dereva na tingo wake.

Mzigo wa Kenya au Pakistani tutakuvushia pia, ila bila cheti cha SADC, ushuru ukiwa umelipwa wote na hesabu yake ukiwa nayo mkononi kabla ya kupakia. Lete ankara ya mwisho, NUIT ya mpokeaji na katoni moja isiyofunguliwa. Ukifika kabla ya saa nne asubuhi, siku hiyohiyo tunakwenda ghalani. Ukitupigia lori likiwa limeshapita Mangaka, tutaanza kwa kumwambia dereva apaki.