Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wafugaji wa samaki wa mapambo, Unguja na Pemba

Assalamu alaykum ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mtazisikia kwa mshika fedha, na ziara ya Chwaka imo kwenye kumbukumbu za katibu. Mimi nataka kusema juu ya maji yaliyomwagika majumbani mwetu mwaka huu. Wenzetu waliopata mkasa huo wamekubali tujifunze kwao bila ya kutajwa, na nawashukuru kwa dhati. Nilikwenda kuwaangalia wote. Hakuna aliyepasukiwa na bomba. Maji yalimwagika umeme ulipokatika, au uliporudi.

Matangi yetu makubwa mengi yana tangi la pili chini, kabatini, lenye chujio na pampu. Maji hushuka yenyewe, pampu huyapandisha. Umeme ukikatika pampu husimama lakini maji hayasimami. Bomba la kurudishia maji juu, ikiwa mdomo wake umezama, huanza kuyanyonya maji ya juu na kuyashusha mpaka mdomo upate hewa. Tangi la urefu wa sentimita 200 na upana wa 60 lina lita 12 katika kila sentimita moja ya kina. Mdomo ukizama sentimita 10, ni lita 120 zinazoshuka, na tangi la chini likiwa tayari limejaa, zinaishia kwenye zulia.

Wengi mnategemea valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siiamini kuwa kinga pekee. Chembe ya mchanga au konokono mdogo akikaa kwenye kizibo chake, haifungi tena. Pandisheni mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, au toboeni tundu dogo chini kidogo ya uso ili livute hewa mapema, na lisafishwe kila mara kwani mwani huliziba. Kisha jazeni maji pampu ikizunguka, zimeni, na muangalie tangi la chini linafika wapi. Likifurika, punguzeni na mrudie. Mkipata kiasi kinachobaki ndani, washeni tena, pigeni mstari pale maji yanapotulia, na msijaze kupita hapo.

Mkasa wa pili, ule wa umeme kurudi, ni bomba la kushushia kuziba. Samaki aliyekufa au jani la mwani linatosha. Pampu nayo huendelea kupandisha mpaka tangi la juu limwagike. Kwa hivyo yawepo mabomba mawili ya kushushia: moja la kazi, lenye valvu ya kurekebisha, na jengine la akiba, mdomo wake juu zaidi, lisilo na valvu yoyote. Na chumba cha pampu, ndani ya tangi la chini, kiwe kidogo, kiasi kwamba maji yake yote yakipanda, tangi la juu liyapokee bila kumwagika.

Kwenye viungo, pale bomba linapopita kwenye tundu la kioo, kosa nililolikuta zaidi ni washa ya mpira kuwekwa upande wa nati. Mahali pake ni upande wa ukingo wa kiungo, ndani ya tangi. Nati ikazwe kwa mkono, kisha robo mzunguko tu. Gundi ya PVC iachwe saa 24 kabla ya maji kupita. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kisitobolewe kabisa, kitamwagika vipande vipande. Wenye maji ya bahari wasitumie koki za shaba, kwani shaba huua kamba na matumbawe. Mkiona chumvi nyeupe imeganda kwenye kiungo, hapo panavuja hata kama pamekauka.

Wanachama wa Mji Mkongwe nawaomba zaidi. Lita 1,000 ni tani moja, na sakafu zenu zimebebwa na boriti za mikoko. Tangi likae chini, si ghorofani. Maji ya chumvi yakinywewa na ukuta wa mawe na chokaa, chumvi huganda ndani na kubambua lipu miaka mingi baadaye. Nyumba hizi zimo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na jirani wa chini ana haki yake pia.

Waliofuga mwaka 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima bila umeme, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuambiwa kwamba umeme hukatika.

Kamati inaleta mapendekezo mawili myapigie kura leo. Tangi jipya lisitiwe samaki mpaka umeme uzimwe na kuwashwa mbele ya mwanachama mwengine. Na chama kinunue keekee za almasi za kutobolea kioo, ziazimwe kwa zamu. Wenzetu wa Chake Chake wameomba fundi wa kuwaonyesha kazi hii. Tutakwenda baada ya masika, na anayetaka kufuatana nasi ajiandikishe kwa katibu.