Waya za breki zinatumalizia paa nunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi wa Shaabani.

Alfajiri moja nilikuwa nakwenda shamba kwa njia ya maweni, mbwa wangu akasimama akakataa kupita. Nikaingia kichakani kutazama. Nikamkuta paa nunga, yule paa mwekundu wa msituni, jike, waya wa breki ya baiskeli umemkaba shingo, ameshaanza kufura. Alikuwa na mimba. Mti aliofungiwa ulikuwa umechubuka gome pande zote, kwa hiyo alihangaika muda mrefu kabla hajafa, na aliyetega hakurudi hata kuangalia. Nikatafuta zaidi. Katika eneo dogo kuliko kiwanja cha mpira nikatoa waya 11.

Mimi ni msasi, na baba yangu alikuwa msasi. Nilianza kubeba wavu nina miaka 14. Sitosema kwamba sisi hatukuua. Tuliua, na zipo siku tulizozidisha. Lakini usasi tulioufunzwa ulikuwa na siku zake na watu wake. Kijiji kilijua leo wasasi wametoka. Wavu unatandazwa, mbwa na vijana wanasukuma kutoka upande wa pili, na paa akinasa pana mtu pale pale kamshika mkononi. Anamwona ni dume au jike, ana ziwa au hana. Wazee wa kwetu walikuwa wakali sana juu ya jike mwenye mimba, na kijana aliyemchinja kwa pupa hakupewa mgawo. Waya haumwoni mtu wala mnyama. Unakaba kilichopita, usiku na mchana, na ukisahauliwa unaendelea kutega.

Walio mjini huenda hawajui kwamba Unguja tuna paa wa aina zaidi ya moja. Yule mdogo wa kijivu, mwepesi kama sungura, anavumilia: hata kichaka kilichokatwa kuni miaka michache nyuma anaishi. Paa nunga ni mwingine. Ni mwekundu, ana mstari mweupe unaokatisha mapaja kwa nyuma na madoadoa meupe miguuni, na anataka msitu mkubwa uliofunga. Sisi tulimtafuta kwa kusikiliza kima. Kima wakila juu, matunda na maua yanadondoka, naye yuko chini anaokota. Ukikata msitu ule umemkosesha kivuli na umemkosesha na anayemwangushia chakula. Huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na gunia la waya.

Wataalamu wameandika jina lake tangu 1918, wakampa la Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika serikali ya Unguja. Kinachoniuma ni hesabu zao. Mwaka 1983 walikadiria kisiwani kwetu wamo paa nunga kiasi cha 5,000. Katikati ya miaka ya tisini ikawa 2,000. Kufika 1999 walizungumza mia sita na kitu. Miaka 16 tu hiyo, na mimi nilikuwa mtu mzima ndani ya miaka hiyo, nikijiuliza kwa nini tunarudi mikono mitupu. Nje ya Unguja wamo Kenya, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Boni na Dodori upande wa Lamu. Basi. Hakuna bara jingine wala nchi ya mbali tutakayokwenda kuomba mbegu. Wachache walihamishiwa Chumbe kwa kunusuriwa, nami nashukuru, lakini Chumbe ni kisiwa cha kutembea kwa miguu ukakimaliza.

Chui wetu tumeshampoteza. Wajukuu zangu nimewapeleka makumbusho wakamwona amejazwa, macho ya kioo, wakaniuliza alikuwa akilia vipi. Sikuweza kuwaigizia.

Sasa naligusa jambo ambalo sijalisikia likisemwa, na nawaomba masheikh wetu walisemee kwenye mimbari. Nyama hii inauzwa. Inapita kwenye mapakacha na mifuko, inakwenda kwa watu wanaoipenda kwa utamu wake, na mnunuzi anauliza bei tu. Aya ya tatu ya Suratul Maida imemtaja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kusongwa roho kuwa ni haramu. Mtegaji wa waya anakwenda asubuhi, mara nyingi anamkuta paa ameshakata roho, anampitisha kisu shingoni ili pawe na alama ya kuchinjwa, anamleta kwako. Sisi tuliowinda na mbwa tukiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kwa kuogopa najisi ya mate. Leo Muislamu anapelekewa mzoga nyumbani kwake na anawakaribisha wageni.

Sheria ya misitu tunayo tangu 1996, na msitu wetu wa Jozani umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Lakini paa nunga hajui mpaka wa hifadhi. Anatoka, anaingia kwenye vichaka vya vijiji vyetu, na huko ndiko waya ziliko. Askari wa misitu ni wachache na wengi wao hawazijui njia za maweni kama tunavyozijua sisi. Nimewahi kumpeleka mmoja, tukapita mitego mitatu hakuiona.

Ombi langu ni hili: wasasi wa vijiji vya kusini na mashariki tuandikwe, tukubaliane kwamba paa nunga haguswi kabisa, kwa mbwa, kwa wavu wala kwa tochi, na sisi wenyewe tupewe kazi ya kutoa waya. Posho itoke kwenye fedha za watalii, ambazo sehemu yake tayari inarudi vijijini kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wanaokuja kutazamwa. Kwa mtu anayekamatwa na nyama, asiishie kuulizwa yeye peke yake. Aulizwe alikuwa anampelekea nani, na huyo naye afikishwe mbele ya sheria. Kijana wa kwetu anatega kwa sababu mjini yupo anayemsubiri na fedha taslimu.

Zile waya 11 ninazo, zimo kwenye kiroba nyuma ya nyumba. Sheha ameziona. Afisa yeyote wa misitu anayezitaka namkaribisha, na nitamwonesha pahala nilipozitoa, kwa kuwa wiki iliyopita nimepita tena na zimeshawekwa mpya.

Msasi mzee,
Kusini Unguja