Guangzhou si bei rahisi tu, jipangeni

Mhariri,

Mimi nauza mikoba hapa Kibuye, Kisumu, na nimechoka kusikia watu wakisema ukifika Uchina unaokota tu mali. Aki si hivyo. Pale soko la mikoba la Baiyun, mjini Guangzhou, mwenye duka haongei na wewe, anabonyeza bei kwa kalkuleta anakusukumia, unafuta unaandika yako, anacheka, anafuta tena, mimi naye tulianza yuan 85 tukaachia 52, lakini sasa ananiambia kwa hiyo bei lazima nichukue dazeni tano, nikabaki nimekodoa macho.

Na pesa mkononi inasumbua, kila mtu analipa kwa kuskani na simu, hata muuza chai. WhatsApp nayo haifunguki ovyo ovyo, mzee wangu nyumbani alidhani nimepotea siku mbili nzima!

Kutembea nilitembea kidogo tu, usiku nikapanda boti kwa Mto Pearl nikaangalia ule mnara wa Canton Tower wa mita 600 ukibadilisha rangi. Shingo iliuma.

Mhariri, si mtuandikie ukurasa mmoja wa ushuru na kusafirisha mzigo? Wengi tunauliza.

Mama Mikoba,
Kisumu