Kidumbaki kirikodiwe kama kinavyopigwa mtaani

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita tulimwozesha mtoto wa kaka yangu hapa Ng'ambo, Unguja. Mimi ni shangazi yake, nikaomba shughuli yetu wanawake ipigwe kidumbaki, ile ngoma yetu ya harusini inayoimbiwa nyimbo za taarab. Kaka akaniuliza kama nataka kumtia aibu mbele ya wakwe. Yakaletwa maspika.

Neno hilo la aibu limenikaa rohoni, ndiyo maana nakuandikia.

Kidumbaki nilichokulia mimi kilianza kwa moshi. Makuti yanawashwa uchochoroni, vile vingoma viwili vinakanzwa mpaka ngozi ivute. Mpiga sanduku kaligeuza boksi la chai, la mbao, kifudifudi, kapitisha kamba katikati na kuifunga kwenye fimbo. Akiivuta fimbo sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Fidla moja, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za vifuu za kutikisa, basi. Mwimbaji anazichukua nyimbo za taarab zinazojulikana, anaziunga moja kwa nyingine bila kupumzika, na maneno mengine anayapachika palepale. Mwenye fumbo lake anainuka kwenda kutunza, aliyefumbwa anajijua. Viuno vinachezwa, sifichi, na maneno mengine ni makali kweli. Lakini pale ndipo mwanamke asiyethubutu kumjibu mkewenza mchana alipomjibu, kisha kesho yake wakachota maji pamoja.

Taarab yenyewe tunayojivunia ilipita njia hii ya kuonewa aibu. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, kikiimba Kiarabu. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyetoka shamba Fumba na kuuza vyungu, aliimba Kiswahili huku Ng'ambo, na wapo waliomcheka kwa kaniki yake. Mwaka 1928 akenda Bombay kurikodi santuri. Na mwimbaji wetu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, wangapi tulimsema kwa sigara yake na ngoma zake za unyago, kisha tukajaa mazikoni?

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba wenye redio na wenye kuhifadhi sanaa zetu waje na vinasa sauti vyao mtaani, kwenye shughuli ya kweli, wenye shughuli wakiridhia. Warikodi tangu makuti yanapowashwa mpaka wimbo wa mwisho, na wasikate mafumbo. Hotelini nimekisikia kidumbaki. Kinapigwa nusu saa, wageni wako na sahani zao, na hapana fumbo kwa sababu hapana wa kufumbwa. Kikihifadhiwa kile, wajukuu zetu watadhani ndicho.

Mafundi wa sanduku mtaani kwetu walikuwa watatu. Amebaki mmoja, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Jioni bado hulitoa sanduku lake barazani, akalipiga peke yake kidogo, mpaka adhana ya magharibi.

Shangazi wa bi harusi,
Ng'ambo, Unguja