Baba Mdogo, shida ni paa

Derby, Uingereza
Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Mimi huku ni mzima, hofu ni juu yenu mlioko mbali. Baridi bado ipo, ila tumeshaizoea.

Dhumuni la barua hii ni lile swali lako. Uliona picha ya nyumba ninayopanga ukauliza kile chumba cha vioo kilichoegemezwa ukuta wa nyuma ni cha nini, nani alikianzisha, na kama unaweza kumjengea huyo mteja wako wa Lushoto anayetaka cha namna hiyo. Kujenga utaweza, mbao hazijawahi kukushinda. Lakini usipokee malipo ya awali kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho, maana historia nzima ya vyumba hivi ni kesi ya paa.

Vilianza kwa ajili ya miti, watu walikuja baadaye. Karne ya 17 wafalme na matajiri wa Ulaya walikuwa na wazimu wa machungwa, haya haya yanayorundikwa barabarani Muheza mpaka yanakosa mnunuzi. Mchungwa hauvumilii barafu, hivyo ukajengewa nyumba. Kule Versailles, Ufaransa, msanifu Jules Hardouin-Mansart alimjengea mfalme Louis wa 14 ukumbi wa michungwa kati ya 1684 na 1686. Una kuta nene za mawe, madirisha marefu yanayotazama kusini, na juu ni kuba la mawe, hakuna kioo hata kimoja. Miti ilipandwa kwenye masanduku ya mbao: joto likija inatolewa nje, baridi ikikaribia inarudishwa ndani. Mchungwa uliolala kwa baridi hauhitaji mwanga mwingi, kwa hiyo paa la mawe halikuudhuru.

Kesi ilianza meli zilipoleta minazi, migomba na mimea mingine ya kwetu huko kwenye joto. Hiyo hailali mwaka mzima, inataka mwanga wa kutoka juu. Ikabidi paa liwe la kioo. Mwaka 1816 Mskoti mmoja, John Claudius Loudon, akabuni ufito wa chuma unaopindika bila kupoteza nguvu, mwembamba kiasi kwamba hautupi kivuli kikubwa. Basi mapaa yakaanza kuviringika kama mapovu. Wenye uwezo huo lakini walikuwa wachache, kwa sababu kioo Uingereza kilitozwa kodi kwa uzito, na madirisha ya nyumba nayo yalikuwa na kodi yake tangu 1696. Mpaka leo unakutana na nyumba kuukuu ambazo madirisha yake yamezibwa kwa matofali. Kodi ya kioo ilifutwa 1845, ya madirisha 1851.

Sasa nikupeleke Chatsworth, siyo mbali na hapa nilipo, maana mtu wa pale ungempenda. Anaitwa Joseph Paxton, mtoto wa mkulima. Alichukuliwa kuwa mkuu wa bustani za tajiri mwenye ardhi ya eneo hilo, mwenye cheo cha Duke wa Devonshire, mwaka 1826 akiwa na miaka 22. Kuanzia 1836 alijenga banda la mimea la kioo lenye urefu wa mita 84 na kimo cha mita 20 hivi. Na huyu alipenda mbao! Alibuni mashine ya mvuke ya kuranda fito za kushikia vioo, kazi ambayo kwa mkono ingewatoa mafundi roho. Mbao za paa alizichonga mfereji juu wa kupokea mvua, na mifereji midogo kwa ndani ya kupokea ule unyevu unaotiririka kwenye kioo, ili usidondokee mimea wala usiozeshe mbao. Hilo la mifereji ya ndani liweke akilini, nitalirudia. Kioo chenyewe alitaka kiwe na urefu wa futi nne. Kiwanda cha Chance Brothers karibu na Birmingham ndicho kilichoweza, kwa kupuliza kioo kama mtungi mrefu kisha kuupasua na kuulaza.

Kutokana na mazoezi hayo ndipo Paxton alipojenga Crystal Palace ya London kwa maonyesho ya 1851, urefu mita 563, vioo karibu 300,000. Hiyo ilipata sifa zote. Mimi naona banda la Chatsworth linafundisha zaidi, kwa jinsi lilivyokufa. Lilipashwa joto na matanuri manane ya makaa ya mawe, na makaa yaliletwa kwa njia ya chini ya ardhi ili wageni wasione moshi wala jasho la wapakuaji. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, makaa hayakupatikana, mimea ikafa, na 1920 lote likalipuliwa kwa baruti. Nilikwenda kutazama: leo ni kuta fupi za mawe tu, ndani wamepanda ua wa njia za kupotezana, watoto wanakimbizana.

Baada ya kodi kuondoka, kioo kikashuka bei na watu wa tabaka la kati wakaanza kubandika vyumba vidogo vya vioo kwenye nyumba zao, wakinywa chai kati ya mikangaga. Vita viliua fasheni hiyo. Ilirudi kuanzia miaka ya 1970 na 1980, safari hii fremu ni za plastiki ngumu nyeupe na vioo ni vya tabaka mbili. Sheria nayo ilisaidia: kwa kawaida chumba cha chini ya mita za mraba 30, kikitengwa na nyumba kwa mlango wa nje, hakibanwi na kanuni za ujenzi kama chumba kingine. Watu wakajenga mtaa mzima.

Na sasa wanajuta. Mwanga wa jua unapenya kioo, unagonga sakafu na kugeuka joto, na hewa iliyopashwa haina pa kutokea. Julai hukai mle. Januari joto lote linatoroka kupitia paa lile lile. Hiki cha kwetu kina paa la plastiki angavu, mvua ikinyesha hamsikilizani, na kazi yake kubwa ni kuanikia nguo. Mama mwenye nyumba huweka humo maua yake pia, yale madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, akaniambia kwa fahari kwamba yanatoka Afrika. Nikamwambia yanatoka Usambara, kwetu kabisa. Ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwao 1892. Hakuniamini mpaka alipotafuta mwenyewe. Baridi ikizidi anayaingiza jikoni.

Mafundi wa hapa siku hizi wanalipwa kung'oa mapaa ya kioo na kuweka ya kawaida, yenye vigae na dari. Yaani wamerudi Versailles.

Kwa hiyo mwambie mteja wako: kuta za kioo sawa, paa liwe la bati lenye dari, na aache kingo ya paa iwe fupi. Kioo kingi kitazame kaskazini. Huku wanaelekeza kusini, lakini nyie mko kusini ya ikweta na Juni na Julai, wakati wa baridi yenu, jua linapita upande wa kaskazini. Desemba linahamia kusini na chumba kitapumzika. Weka madirisha ya kufunguka juu na chini, pande zinazotazamana. Na ile mifereji ya ndani ya Paxton ichonge kwenye vizingiti vya chini, maana ukungu wa Lushoto utatoa jasho kwenye kioo kila asubuhi. Akisema rafiki yake wa Tanga mjini, kule pwani kwenye joto, naye anataka, kataa hiyo kazi. Baraza inamtosha.

Nitumie mchoro kwa simu ya Mama kabla hujanunua kioo. Pesa ya dawa za Bibi nimeituma juzi, Mama aende nayo wiki hii. Nisalimie Mama Mdogo na wadogo zangu wote.

Ni mimi mwanao.